DAWA YA KIHINDI YA KIFUA NA VUMBI LA MGODI



Kila mwaka, mwezi wa sita na wa saba, baridi ya kiangazi inapoingia Katanga na barabara zetu zinapogeuka vumbi tupu, kikohozi kinasikika karibu katika kila nyumba. Ndipo dawa zinapoanza kutembea mikononi. Mmoja anachemsha kongobololo, mwingine anajifukiza majani chini ya blanketi, mwingine anachanganya tangawizi na asali. Na kuna dawa nyingine ambayo watu wanaulizana habari zake: jamu nyeusi ya Wahindi, inayouzwa ndani ya kopo, yenye jina gumu kutamka, chyawanprash.

Namna ilivyofika kwetu si siri. Wafanyabiashara wa Kihindi si wageni katika miji yetu. Wagonjwa wengi wa Kongo wameenda India kutafuta matibabu, na vijana wetu wanasoma huko. Anayerudi anaweza kuleta kopo moja au mawili katika mzigo wake, na jirani akionja na kusikia koo limetulia, habari inazunguka kambi nzima.

Wanaoisifu wanasema inasafisha mapafu na kuupa mwili nguvu ya kupigana na magonjwa. Basi mtu anayefanya kazi katika vumbi la mgodi, je, anaweza kujikinga kwa dawa hiyo? Tunatoa jibu mapema ili msomaji asingoje. Kama chakula cha kutuliza koo, kwa mtu mzima mwenye afya, hatuna ugomvi nayo. Kama kinga ya vumbi la mawe, haifai kitu. Tena ina ndugu zake, za unga na za vidonge, ambazo zinaweza kumtia mtu sumu mwilini. Tueleze jambo moja moja.

Jamu ya mzee Chyavana

Wahindi wana elimu yao ya uganga tangu zamani sana. Jina lake ni Ayurveda, maana yake elimu ya maisha. Si uchawi wala si mambo ya kando ya barabara: ina vitabu vya kale, na leo hii nchini India inafundishwa katika vyuo vinavyotambuliwa na serikali. Kimoja cha vitabu vyake vikubwa, kiitwacho Charaka Samhita, kina umri wa karibu miaka 2000, na ndani yake imeandikwa namna ya kutengeneza jamu hii. Hadithi inasema kulikuwa na mzee mtakatifu, Chyavana, aliyechoka kwa uzee. Mapacha wawili waliokuwa waganga wa miungu walimtengenezea dawa, naye akarudia ujana. Ndiyo maana dawa inaitwa kwa jina lake.

Kinachojaza kopo zaidi, ukiacha sukari, ni tunda linaloitwa amla. Ni tunda dogo la mviringo, rangi ya kijani iliyofifia, chachu sana mdomoni, lenye vitamini C nyingi. Linachemshwa, linapondwa, linakaangwa kwa samli na mafuta ya ufuta, kisha linapikwa pamoja na sukari mpaka kuwa zito. Mwishoni wanatia asali, mdalasini, iliki, pilipili ndefu ya India iitwayo pippali, na mitishamba mingine mingi. Kopo moja linaweza kuwa na mitishamba kama 40. Ladha yake ni tamu, chachu na kali kwa mara moja.

Mwaka 2020, ugonjwa wa Covid ulipoenea, wizara ya serikali ya India inayoshughulikia dawa za asili iliwashauri wananchi kula gramu 10 za jamu hii kila asubuhi, yaani kijiko kimoja cha chai, na wenye ugonjwa wa sukari watafute ile isiyo na sukari. Lakini wizara hiyo hiyo iliandika wazi kwamba shauri lake si matibabu ya Covid. Maneno hayo ya mwisho wauzaji huyasahau upesi. Hata kwetu mwaka ule kila mtu alikuwa na majani yake, na Madagascar ilitoa kinywaji chake cha artemisia, basi hatuwezi kuwacheka Wahindi.

Kuna mti mwingine wa Ayurveda unaofaa kutajwa, kwa sababu unaonyesha kwamba elimu hii si ya kudharauliwa. Ni kichaka kinachoitwa vasaka, chenye majani ambayo Wahindi wameyatumia kwa kikohozi tangu kale. Wataalamu wa kemia walichukua majani hayo wakatoa ndani yake kitu kinachoitwa vasisini. Kwa kufuata umbo la kitu hicho walitengeneza dawa ya bromeksini, iliyoanza kuuzwa mwaka 1963, na mpaka leo inapatikana katika farmasi za nchi nyingi. Kazi yake ni kulainisha makohozi mazito ili yatoke. Angalieni vizuri: majani yalikuwa na ukweli ndani yake, lakini ilibidi ukweli huo upimwe, ujulikane ni kiasi gani kinafaa na kiasi gani kinadhuru. Na hata baada ya kupimwa, kazi yake ni makohozi. Jiwe si makohozi.

Vumbi linafanya nini ndani

Hapa tunaomba msomaji asome polepole, na mwenye watoto wa shule awasomee, maana ndipo penye kiini cha maneno yetu.

Mwamba wa madini yetu una mawe ya namna nyingi, na mengi kati yake yana kitu kinachoitwa silika. Ndiyo ile inayong'aa katika mchanga na katika jiwe jeupe la kwarsi. Mashine inapotoboa, dinamiti inapolipuka, mashine ya kuponda inaposaga, jiwe linavunjika kuwa vumbi. Vumbi kubwa, lile unaloliona kwenye nyusi za mwenzako akitoka kazini, halifiki mbali: linakwama puani na kooni, unalipenga au unalitema. Linaloua ni lile usiloliona. Punje zake ni ndogo kuliko unene wa unywele mara 10 na zaidi. Hizo zinapita pua, zinapita koo, zinashuka mpaka kwenye vifuko vidogo vya mwisho kabisa vya mapafu, pale hewa inapoingia katika damu.

Katika vifuko hivyo mwili umeweka walinzi wake. Ni chembe hai zinazotembea na kumeza kila kitu kigeni: kijidudu, moshi, uchafu. Mlinzi akimeza kijidudu, anakiyeyusha, na kazi imekwisha. Akimeza punje ya silika hawezi kuiyeyusha. Ni jiwe. Punje inamuua mlinzi, mlinzi anapasuka, punje inatoka tena nje, na mlinzi wa pili anakuja kuimeza. Naye anakufa. Kila kifo kinaacha moto mdogo mahali pale, na mwili unajaribu kufunga jeraha kwa kovu. Kovu juu ya kovu, mwaka juu ya mwaka, pafu linakuwa gumu kama ngozi ya kiatu cha zamani na halipanuki tena. Ugonjwa huo unaitwa silikozi.

Basi fikirini juu ya ile ahadi ya kuongeza nguvu za mwili. Hata kama jamu ingeweza kuongeza walinzi, na jambo hilo lenyewe halijathibitishwa vya kutosha, walinzi hao wangekuja kumeza jiwe na kufa kama wenzao. Adui wa namna hii hashindwi kwa kuongeza askari. Anashindwa kwa kumfungia mlango asiingie.

Wala hakuna kinachosafisha. Neno kusafisha mapafu linapendwa sana na wauzaji, nasi tunaelewa kwa nini: mtu anakunywa dawa, anakohoa, anatoa makohozi meusi, anafurahi kwamba uchafu umetoka. Kilichotoka ni kile kilichokuwa juu, katika mirija, ambacho kingetoka chenyewe. Kovu la chini halitoki. Hakuna dawa ya silikozi, si ya Wahindi, si ya Wazungu, si ya kwetu. Mganga anayesema anayo, mwulizeni awaonyeshe radio ya kifua ya kabla na radio ya baada.

Wachimbaji wa India wenyewe

Kama dawa za Ayurveda zingeweza kumlinda mchimbaji, wa kwanza kulindwa wangekuwa wachimbaji wa India. Twende basi Kolar, katika jimbo la Karnataka, kusini ya nchi ile. Palikuwa na migodi ya dhahabu iliyochimbwa tangu miaka ya 1880 mpaka ilipofungwa mwaka 2001. Mashimo yake yalishuka zaidi ya kilomita 3 chini ya ardhi, kati ya marefu kuliko yote duniani. Wachimbaji wake waliishi katika nchi ya amla na vasaka, na bibi zao walijua kupika dawa za kifua kuliko sisi tutakavyojua siku yoyote. Mwaka 1947 madaktari waliandika habari za silikozi katika migodi hiyo hiyo. Jiwe halikuuliza mtu amekula nini asubuhi.

Na si mambo ya zamani tu. Katika jimbo la Rajasthan, kaskazini ya India, maelfu ya watu wanakata mawe ya kujengea, wengi bila maji na bila maski, na silikozi imewajaza wajane vijijini mwao. Mwaka 2019 serikali ya jimbo hilo ilitoa mpango maalumu juu ya ugonjwa huo. Mtu akithibitishwa na madaktari anapata fedha za msaada, na akifa familia yake inapata nyingine. Msomaji ataona: serikali yenye wizara ya dawa za asili, yenye waganga wa Ayurveda katika kila mji, inatoa fedha kwa mgonjwa wa silikozi, kwa kuwa dawa ya kumponya haina.

Unga na vidonge: hapo ni hatari

Mpaka hapa tumesema juu ya jamu, ambayo kwa kawaida ni matunda na majani. Lakini ndani ya Ayurveda kuna tawi lingine linaloitwa rasa shastra, na huko dawa zinatengenezwa kwa madini. Wanachukua zebaki, risasi (ile ya betri za gari, si ya bunduki), shaba, dhahabu au hata ulanga, ule unaong'aa kama kioo, wanachoma mara nyingi pamoja na majani, mpaka inabaki majivu. Majivu hayo yanaitwa bhasma. Waganga wa tawi hilo wanaamini moto unaondoa sumu. Kemia haikubaliani nao: risasi iliyochomwa ni risasi bado.

Tena dawa za namna hii zinatolewa hasa kwa watu wa kikohozi na pumu. Kuna abhrak bhasma, majivu ya ulanga. Kuna tamra bhasma, majivu ya shaba, na hapo mtu wa Katanga anaweza kucheka kidogo: tunaitoa shaba ardhini ili ituletee ugonjwa wa vumbi, kisha tuinunue tena katika kichupa ili ituponye. Na kuna kidonge kinachoitwa shwas kuthar ras, maana yake shoka la pumu. Ndani ya shoka hilo, kwa maandishi ya Wahindi wenyewe, kuna zebaki, kiberiti, jiwe jekundu lenye aseniki, na mzizi wa akoniti ambao ni sumu kali ya moyo.

Ushahidi upo. Mwaka 2004 watafiti katika mji wa Boston, Marekani, walinunua madukani dawa 70 za Ayurveda za kumeza, wakazipima. Dawa 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki, yaani moja katika kila tano. Mwaka 2008 walitoa matokeo ya kupima dawa nyingine 193, na hesabu ikawa ile ile, karibu moja katika tano. Baadhi zilitengenezwa India, baadhi Marekani kwenyewe. Serikali ya India pia iliona hatari: tangu mwaka 2006 inataka dawa za majani matupu zinazopelekwa nchi za nje zipimwe madini mazito kwanza. Lakini kidonge kilichofungwa katika karatasi na kuuzwa sokoni hakikupita mlango huo.

Kwa nini tunalisema kwa nguvu katika gazeti la wafanyakazi wa mgodi? Kwa sababu sisi tayari tunaishi na madini. Mtu wa ofisi katika Boston akimeza risasi kidogo, ni hiyo tu. Mfanyakazi wetu anameza risasi juu ya vumbi la kobalti na la shaba, juu ya moshi wa tanuru. Mwili unabeba vyote pamoja. Na risasi ikiingia nyumbani, anayeumia zaidi ni mtoto, kwa kuwa inapunguza akili yake inapokua. Ndugu zetu wa Kabwe, kule Zambia, wanajua. Mgodi wao wa risasi ulifungwa mwaka 1994, na mpaka leo watoto wanaocheza katika udongo wa mji ule wana risasi katika damu.

Kuna udanganyifu mwingine pia. Katika nchi mbalimbali wakaguzi wamekuta unga unaoitwa wa majani, wa kutibu pumu au maumivu, umetiwa dawa ya kizungu ya kotisoni kwa siri. Ndiyo maana mtu anasikia nafuu siku ya pili na kumsifu muuzaji. Akitumia miezi, uso unavimba, sukari inapanda, na kifua kikuu kilicholala mwilini kinaamka. Dawa yoyote ya majani inayofungua kifua kwa saa chache kama sindano, itilieni shaka.

Namna ya kusoma kopo

Mama aliyekwisha kununua asilitupe kwa hofu. Alete miwani, asome. Kopo linalofaa lina jina la kiwanda, namba ya ruhusa ya kutengeneza, namba ya kundi, tarehe ya kutengenezwa na tarehe ya mwisho. Kisha atafute katika orodha ya vilivyomo maneno haya: bhasma, rasa au ras, parada (ni zebaki), naga (ni risasi). Akiyaona, au akiona onyo kwamba dawa itumiwe chini ya uangalizi wa mganga, asiitumie kwa shauri la jirani. Neno rasayana lisimtishe, hilo ni jina la dawa za kutia nguvu kwa jumla. Kisichokuwa na maandishi kabisa kisiingie nyumbani.

Sasa kuna watu ambao hata jamu nzuri haiwafai. Mwenye ugonjwa wa sukari, kwa sababu katika makopo mengi karibu nusu ya uzito ni sukari. Mtoto asiyetimiza mwaka mmoja, kwa sababu ya asali: asali inaweza kuwa na kijidudu ambacho tumbo la mtoto mchanga haliwezi kukishinda, na kinaweza kumlegeza viungo mpaka ashindwe kupumua. Jambo hilo ni la asali yoyote, hata ile safi kutoka msituni kwetu. Mwenye tansio ya juu aangalie kama dawa ya kifua ina mzizi mtamu wa mulethi, ambao wengine wanauita likorisi, maana ukitumiwa siku nyingi unapandisha tansio na kupunguza potasiamu katika damu. Mama mwenye mimba aulize kwanza.

Na mwenye kufuata dawa za kifua kikuu, huyu tunamsihi. Ile pilipili ndefu ya pippali ina kitu kinachobadilisha namna mwili unavyopokea dawa nyingine, pamoja na rifampisini, ambayo ni nguzo ya matibabu ya kifua kikuu. Mwambie muuguzi kila kitu unachokula zaidi ya vidonge vyake. Hatakugombeza. Akikugombeza, mwambie ameandikiwa asikugombeze.

Kikohozi kisichoandikwa

Hatari kubwa kuliko zote haimo ndani ya kopo. Imo katika siku zinazopita wakati kopo linaliwa.

Tuchukue mfano wa baba wa mashine ya kutoboa, mwenye miaka 15 kazini. Anaanza kukohoa mwezi wa tano. Bibi yake anamletea jamu, koo linatulia, anaendelea. Kopo likiisha analeta la pili. Mwezi wa nane anapanda ngazi na kusimama katikati kuvuta pumzi, anasema ni uzee. Mwezi wa kumi anakonda. Siku anapofika dispansere ana kifua kikuu kilichokomaa, bibi na mtoto mdogo wamekwisha kuambukizwa, na radio inaonyesha silikozi nyuma yake. Magonjwa haya mawili yanakwenda pamoja: pafu lenye silika linakamatwa na kifua kikuu kwa urahisi mara kadhaa kuliko pafu la mtu mwingine, maana wale walinzi tuliowataja wamekwisha kufa kwa jiwe.

Kifua kikuu kinapona. Dawa zake zinatolewa bure katika nchi yetu, na matibabu ya kawaida ni miezi sita. Mtu akikohoa wiki mbili bila kuacha, apeleke makohozi yapimwe. Akiwa anakohoa damu, anatoka jasho usiku au anakonda, asingoje hata hizo wiki mbili. Mama asimwachie mwanamume shauri hili peke yake, maana wanaume wa mgodi wanaogopa karatasi ya daktari kuliko wanavyoogopa dinamiti.

Tunajua wanaogopa nini. Wanaogopa kutolewa shimoni, kupoteza posho ya chini, au kupoteza kazi kabisa. Hofu hiyo ina sababu zake, hatutawaambia ni ya kitoto. Lakini tazameni upande wa pili. Silikozi ni ugonjwa wa kazi, na mambo ya magonjwa ya kazi yanapitia CNSS, iliyokuwa ikiitwa INSS zamani. Ofisi haisomi kikohozi, inasoma karatasi. Mtu aliyejitibu nyumbani miaka mitano kwa jamu na majani, hana tarehe hata moja iliyoandikwa, hana radio ya zamani ya kulinganisha na ya leo. Mjane wake atakwenda mbele ya meza ya ofisi na makopo matupu. Basi nendeni mkaandikwe. Radio ya kifua inayofanywa wakati wake, hata kama huna kikohozi, inaweza kuonyesha vidoto vidogo miaka kabla hujasikia kitu, na wakati huo kuhamishwa mahali pasipo vumbi kunaokoa pafu lililobaki. Ombeni nakala na kuzitunza pamoja na vitambulisho vya nyumbani.

Mlango wenyewe

Tulisema adui anafungiwa mlango. Mlango wa kwanza ni maji. Mashine itoboe na maji yakitoka, siku zote. Anayefunga maji kwa sababu yanamlowesha au ili shimo lende haraka, anatengeneza vumbi lake na la ekipi nzima. Baada ya kulipua, subirini hewa ibadilishwe kwa muda uliowekwa na mkuu wa usalama. Mawe yaliyolipuliwa yamwagiwe maji kabla ya kuyapakia. Usifagie kavu.

Maski inakuja baada ya hayo, si mahali pake. Iwe maski ya vumbi laini, yenye alama ya P2 au P3, iliyokaa sawasawa usoni. Ndevu zinaiachia nafasi, na vumbi linajua kutafuta nafasi. Kitambaa au kipande cha kitenge kilichofungwa mdomoni kinazuia vumbi unaloliona na kupitisha lile usiloliona. Haya tunawaambia hasa vijana wa familia zetu wanaochimba kwa mikono nje ya kampuni, ambao hakuna anayewapa kitu: kama maski haipatikani, basi maji, na tena maji. Kuponda mawe makavu uani, karibu na watoto, kuacheni kabisa.

Nguo za kazi zibaki kazini au zifuliwe peke yake. Mama, usikung'ute ovaroli mlangoni. Iloweshe kwanza ndani ya ndoo, ndipo uifue. Na sigara: anayevuta anaongeza moshi kwa mapafu yanayobeba jiwe, na silika yenyewe ilitangazwa mwaka 1997 na wataalamu wa kansa wa dunia kuwa inaleta kansa ya mapafu. Viwili pamoja ni vibaya kuliko kimoja kimoja.

Kwa mwenye kutaka vitamini bila kwenda dukani, pera letu la uani lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, na halina sukari ya kiwandani. Bukari na lengalenga, maharagwe, samaki wadogo wakavu: mwili wa mchimbaji unajengwa na hivyo. Na kama baada ya hayo yote bado unapenda kijiko chako cha jamu ya mzee Chyavana asubuhi pamoja na chai, kula, lakini peleka kopo dispansere mara moja muuguzi alione, na aandike jina lake katika kitabu chako cha afya.